Dirisha Dogo Ndani ya Seli: Kwa Nini Mtoto Huzaliwa na Ualbino

Kila mwaka katika jarida letu tunasoma mashairi, ngano, vitendawili na insha za methali, nami huzifurahia kama wengine. Lakini wapo wenzetu wanaosema eti Kiswahili hakiwezi sayansi, kwamba ukifika maabara ni lazima ukiache mlangoni pamoja na mkoba wako. Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kuonyesha kuwa hata protini iliyojificha ndani ya seli inaweza kuelezwa kwa lugha yetu na ikaeleweka. Pili, na hili ndilo kubwa, kueleza kwa nini mtoto huzaliwa na ualbino. Kutojua jambo hili kumevunja nyumba za watu na kuwatesa akina mama wasio na hatia.

Najua somo la urithi ni la Kidato cha Nne na wengi wetu hatujalifikia. Msiogope. Nitaanza na yale tuliyoyasoma sote Kidato cha Kwanza, kisha tupande ngazi polepole. Haraka haraka haina baraka.

SELI NA UTANDO WAKE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno. Hebu fikiria seli kama boma. Kila boma lina ua unaolizunguka, na ua wa seli huitwa utando. Utando huu umeumbwa kwa mafuta, na kama ujuavyo, maji ya chumvi na mafuta havipatani. Oksijeni hupenya kwenye utando bila taabu. Lakini chembe za chumvi, sukari na vitu vingine vingi haviwezi kupita vyenyewe. Vinahitaji mlango.

Milango hiyo ni protini. Protini hizi zimejisokota ndani ya utando, zikatokeza upande wa nje na upande wa ndani. Nyingine ni kama pampu, husukuma vitu kwa nguvu. Nyingine ni kama dirisha, hufunguka na kufungwa. Tena tusisahau kwamba ndani ya seli mna vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina utando wake na milango yake.

Sasa jiulize: je, mlango mmoja ukitengenezwa vibaya, itakuwaje? Hapo ndipo magonjwa na hali nyingi za kurithi huanzia. Kwa mfano, kuna ugonjwa wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata hasa watu wa asili ya Ulaya. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1989, ikaonekana kuwa shida yote ni mlango wa kupitishia kloridi, yaani sehemu moja ya chumvi. Sisi huku Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa karibu zaidi, nao ni ualbino.

RANGI HUPIKWA JIKONI

Rangi ya ngozi, nywele na macho yetu hutokana na kitu kiitwacho melanini. Melanini haiji na chakula wala haipakwi na jua kutoka nje. Hutengenezwa ndani ya seli maalumu za ngozi ziitwazo melanosaiti. Ndani ya kila melanosaiti kuna vyumba vidogo, melanosomu, na humo ndimo melanini inamopikwa. Ikishaiva, melanosomu hugawiwa seli jirani, zikakaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, zikikinga jeni zisiunguzwe na jua.

Jambo la kushangaza ni hili: mtu mweusi tititi, mtu mweupe na mtu mwenye ualbino, wote wana melanosaiti karibu idadi moja. Majiko ni yale yale. Tofauti ni kile kinachopikwa na kiasi chake.

Tuichukue melanosomu kuwa jiko, maana mfano huu ulinisaidia mimi mwenyewe. Unga uliopo jikoni ni tairosini, ambayo ni moja kati ya zile asidi amino tulizosoma. Mpishi ni kimeng'enya kiitwacho tairosinasi. Mpishi huyu huugeuza unga ule, hatua kwa hatua, mpaka uwe melanini. Lakini ana tabia moja: hapendi asidi. Asidi ikijaa ndani ya melanosomu, anakaa tu mikono kifuani. Ni kama mpishi aliyefungiwa jikoni mwenye moshi. Unga upo, sufuria ipo, mpishi mwenyewe yupo, lakini macho yanamtiririka machozi na hapiki lolote.

Basi dawa ya moshi ni nini? Ni dirisha.

DIRISHA LENYEWE: PROTINI P

Katika utando wa melanosomu mna protini iitwayo protini P. Ina asidi amino 838 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi, na uzi huo hupita na kurudi katika utando mara 12. Jeni inayobeba maagizo ya kuitengeneza huitwa OCA2, nayo iko kwenye kromosomu ya 15.

Jina la P lina kisa chake. Kabla ya kuijua protini hii kwa binadamu, wanasayansi walikuwa wakifuga panya wenye manyoya yaliyofifia na macho ya waridi. Neno la Kiingereza la rangi hiyo ya waridi huanza kwa herufi P, ndipo jeni ikapata jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jeni ya panya ilipatikana, na mara ikaonekana kwamba binadamu naye anayo. Hata samaki wanayo. Kule Mexico kuna samaki wanaoishi gizani ndani ya mapango, na baadhi yao wamepoteza rangi kwa sababu jeni yao ya OCA2 imeharibika.

Kwa muda mrefu haikujulikana wazi kazi ya protini P. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba protini hii inahitajika ili chembe za kloridi zitoke ndani ya melanosomu. Kloridi ikitoka, asidi ndani ya melanosomu hupungua, na yule mpishi tairosinasi huanza kazi. Kwa maneno mengine, protini P ndiyo dirisha la jikoni.

Basi ualbino wa aina hii ndio huo. Mtoto amezaliwa na ngozi nzima, melanosaiti zake zote, unga na mpishi. Ila dirisha halikutengenezwa sawasawa. Moshi umejaa, na chakula hakiivi. Mara nyingi kidogo huiva, ndiyo maana wengi wenye aina hii wana nywele za rangi ya manjano wala si nyeupe pe, na wengine hupata madoadoa ya kahawia kadiri wanavyokua.

Zipo aina nyingine za ualbino. Katika aina ya kwanza, OCA1, dirisha ni zima lakini mpishi mwenyewe, tairosinasi, ana kasoro. Aina hiyo huonekana sana kwa watu wa asili ya Ulaya. Aina ya nne, OCA4, inahusu protini nyingine ya usafirishaji, nayo imeonekana sana Japani. Lakini Afrika, kusini mwa Sahara, aina inayopatikana zaidi ni hii ya pili, OCA2, ya dirisha.

Na msidhani jeni hii ni ya Waafrika peke yao. Mwaka 2008 ilibainika kwamba macho ya samawati ya Wazungu hutokana na badiliko dogo lililo jirani na OCA2, ambalo hupunguza kazi ya jeni hiyo ndani ya jicho. Dirisha la macho yao limerudishwa nusu. Mbona basi hakuna anayesema kwamba macho ya samawati ni laana?

HERUFI 2,700 ZILIZOPOTEA

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Mwaka 1994 wanasayansi waligundua kwamba Waafrika wengi wenye ualbino wa OCA2 wana kasoro ile ile moja: herufi takriban 2,700 zimeng'oka katikati ya jeni, kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Ukurasa ukikosekana, maagizo hayasomeki na protini P haitengenezwi ipasavyo.

Mwaka uliofuata, 1995, kasoro hiyo hiyo ilikutwa kwa wingi nchini Tanzania. Imekutwa pia Zimbabwe, Afrika Kusini, Kameruni, na miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Kiafrika. Kwa kuwa mahali palipochanwa ni pale pale kwa wote, wanasayansi wanaona kwamba ukurasa huu ulichanika mara moja tu, kwa mtu mmoja, zamani za kale, kisha vizazi vyake vikaubeba popote vilipohamia.

Msomaji, pima jambo hilo. Mtoto anapozaliwa kijijini na ualbino, wanakijiji hutafuta sababu kwa jirani, kwa mama, kwa mizimu, kwa mwezi uliopatwa wakati wa ujauzito. Kumbe sababu yenyewe ni kongwe kuliko kijiji, kongwe hata kuliko mipaka ya nchi zetu.

HESABU YA BABA NA MAMA

Hapa ndipo nawaomba mwe makini zaidi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya OCA2, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tuiite nakala nzima D, na nakala yenye kasoro d.

Mwenye DD ana nakala mbili nzima. Rangi yake ni ya kawaida.

Mwenye Dd ana moja nzima na moja yenye kasoro. Rangi yake pia ni ya kawaida, kwa sababu nakala moja nzima yatosha kutengeneza madirisha. Huyu huitwa mbebaji. Hana dalili yoyote, na huenda akafa mzee bila kujua.

Mwenye dd hana nakala nzima hata moja. Huyu ndiye mwenye ualbino.

Tuseme baba ni Dd na mama ni Dd. Kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu, bila kuchagua, kama kurusha sarafu. Basi mtoto anaweza kupata:

D ya baba na D ya mama: DD
D ya baba na d ya mama: Dd
d ya baba na D ya mama: Dd
d ya baba na d ya mama: dd

Katika nafasi nne, moja ni ya ualbino. Kila mimba ni robo. Tena kila mimba huanza upya, kwa sababu sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

Sasa tazama tena mstari ule wa mwisho. Ili mtoto awe dd ni lazima apate d ya baba NA d ya mama. Kwa kawaida hakuna njia ya mkato. Mama peke yake hawezi kuleta ualbino huu, wala baba peke yake hawezi. Wameuleta wote wawili, nusu kwa nusu, na wote wawili hawakujua.

WABEBAJI NI WANGAPI?

Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, wakapatikana 9,729. Ukigawanya idadi ya Wakenya wa mwaka huo, yaani milioni 47.6, kwa 9,729, utapata takriban mtu 1 kati ya 4,900.

Mwalimu wetu wa hesabu atafurahi, maana 4,900 ni 70 mara 70. Chukua gunia la mahindi meupe ambamo kila punje 70, moja ni ya manjano. Ukitia mkono na kutoa punje mbili bila kutazama, uwezekano wa zote mbili kuwa za manjano ni 1 kati ya 70 mara 70, yaani 1 kati ya 4,900. Lakini uwezekano wa kutoa moja ya manjano na moja nyeupe ni mkubwa zaidi: karibu 1 kati ya 35. Huyo wa 1 kati ya 35 ndiye mbebaji.

Haya ni makadirio tu, kwa maana nimechukulia kwamba ualbino wote nchini ni wa aina moja, na kwamba watu huoana bila kufuata ukoo. Hata hivyo picha ni wazi. Katika shule ya wanafunzi 700, takriban 20 ni wabebaji. Katika darasa lako mmoja yumo, na huenda akawa wewe. Tanzania, ambako imekadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, hesabu hiyo hiyo hutoa mbebaji 1 kati ya watu 19 hivi. Sisi wa Taveta, ambao tunaoana na jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka tangu enzi za mababu, hatuwezi kusema jambo hili halituhusu.

ZOEZI FUPI

1. Wazazi wabebaji wamepata watoto watatu wenye rangi ya kawaida. Je, wa nne lazima awe na ualbino?
2. Mwanamume mwenye ualbino wa OCA2 ameoa mwanamke mwenye DD. Watoto watakuwaje?
3. Mume ana ualbino wa OCA1, mke ana wa OCA2. Je, watoto wao wote watakuwa na ualbino?

Majibu. La kwanza: hapana, uwezekano ni robo ile ile. La pili: wote watakuwa Dd, wabebaji wenye rangi ya kawaida. La tatu: kwa kawaida hapana, wote watazaliwa na rangi, kwa sababu mume analeta dirisha zima na mke analeta mpishi mzima. Lo! Swali hili liliwashinda hata ndugu zangu wa Kidato cha Nne.

LAWAMA HUMWANGUKIA NANI?

Nina shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Aliolewa mbali kidogo na kwetu, akajifungua mtoto msichana mwenye ualbino. Juma halikuisha kabla maneno hayajaanza. Mara alizaa na Mzungu, mara alimcheka mtu wa namna hiyo alipokuwa na mimba, mara ametoka kwa watu wenye mkosi. Wakwe zake walimwambia wazi, "Ukoo wetu haujawahi kuona kitu kama hiki. Umekileta wewe." Mumewe hakusema kitu. Mwezi wa nne shangazi alirudi kwetu na mtoto mgongoni na sanduku moja. Hadi leo anaishi kwetu, na binamu yangu huyo sasa yuko Gredi ya Nne.

Likizo ya Agosti, baada ya mwalimu wa baiolojia kunieleza mambo haya na kuniazima kitabu, nilimchorea babu ule mpangilio wa D na d kwa kijiti, pale uani mchangani. Babu hakusoma sana lakini ng'ombe anawajua kwa vizazi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, wasema hii ndogo hapa ni ya yule mume?"

"Ndiyo, Babu. Ni yake. Bila hiyo mtoto asingezaliwa hivi."

"Na yeye aliipata wapi?"

"Kwa baba yake au kwa mama yake. Na wao kwa wazazi wao."

"Kwa hivyo iko kwao."

"Iko kwao na iko kwetu, Babu. Hata wewe waweza kuwa nayo. Hata mimi."

Alinyamaza, kisha akasema, "Basi walimwonea mwanangu." Shangazi alikuwa akianika nguo karibu hapo. Hakugeuka, lakini aliacha kuanika.

Sisemi kwamba hesabu yangu ilimrudisha shangazi kwa mumewe, la. Miaka tisa imepita na maji yaliyomwagika hayazoleki. Nasema tu kwamba kosa ambalo hakulifanya limeondolewa mabegani pake, japo nyumbani mwetu. Mahali pengine mambo yamekuwa mabaya zaidi. Katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino, hata watoto, waliuawa Tanzania, Burundi na kwingineko kwa sababu waganga wadanganyifu walidai viungo vyao huleta utajiri. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, jiulize: dirisha lililoziba ndani ya seli laweza kumtajirisha nani?

MACHO, NGOZI NA JUA

Melanini si pambo. Macho huihitaji hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Ikikosekana, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu kwa usahihi haikomai vizuri, na mishipa ya fahamu inayotoka machoni kwenda kwenye ubongo hupita njia isiyo yake. Ndiyo maana watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, mboni zao huchezacheza, na mwanga mkali huwaumiza. Miwani huwasaidia kiasi, lakini hairudishi uoni wote, kwa kuwa tatizo si lenzi ya jicho peke yake.

Akili haihusiki hata chembe. Binamu yangu aliwahi kuketishwa nyuma ya darasa mwaka mzima, akaambiwa ni mzito. Alipohamishiwa dawati la mbele na kuruhusiwa kusogea ubaoni, akawa wa tano katika hesabu. Jaji Mumbi Ngugi, ambaye ana ualbino, aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011, na mwaka 2021 akateuliwa katika Mahakama ya Rufaa. Kule Lindi, Tanzania, wananchi walimchagua Salum Khalfan Bar'wani, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao mwaka 2010.

Ngozi nayo, bila ule mwavuli niliotaja, huunguzwa na jua siku baada ya siku mpaka saratani ikaingia. Saratani hiyo ya ngozi ndiyo adui mkubwa wa watu wenye ualbino katika nchi zetu za jua kali, wala si ualbino wenyewe. Habari njema ni kwamba huzuilika. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli wakati wa adhuhuri, na mafuta ya kukinga jua. Serikali ya Kenya, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa ikitoa mafuta hayo bila malipo kwa waliosajiliwa, na ng'ambo tu ya hapa, Moshi, mafuta maalumu ya ngozi hii yalianza kutengenezwa. Kidonda chochote kisichopona kionyeshwe daktari mapema.

NENO TUNALOTUMIA

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, siwezi kupita bila kugusa lugha. Wengi wetu tumezoea kusema zeruzeru. Wenyewe wanasema neno hilo limebeba dharau, na mvaaji ndiye ajuaye kiatu kinapombana. Tuseme mtu mwenye ualbino. Kwanza tunasema mtu, kisha tunataja hali aliyo nayo. Vivyo hivyo tusiseme anaugua ualbino. Ualbino hauambukizi, si homa, wala hauna siku ya kupona. Tangu mwaka 2015, tarehe 13 Juni huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kuelimishana kuhusu ualbino. Chama chetu chaweza kuandaa mdahalo au shairi siku hiyo.

SHULENI PETU

Shule yetu ni ya kutwa. Tunatembea kuja na kurudi, gwaride tunasimama juani, michezo ni saa tisa alasiri. Miaka michache ijayo binamu yangu na wenzake watatafuta nafasi katika shule za upili, na huenda wakaja hapa. Kwa heshima na taadhima naomba mambo manne. Mosi, mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na shati la mikono mirefu wakati wote, hata gwarideni, pasipo kuhesabiwa amevunja sheria ya sare. Pili, akae mbele, na anayeandika ubaoni asome kwa sauti anachoandika. Tatu, mitihani yake ichapishwe kwa herufi kubwa. Nne, na hili ni letu wanafunzi, asitafutiwe jina la utani. Haya yote hayahitaji harambee.

Wapenzi wasomaji, nimejaribu kuwapeleka kutoka kwenye utando wa seli mpaka gwaride letu la asubuhi. Ukiyasahau majina yote magumu niliyoyataja, shika hili moja: mtoto mwenye ualbino amepokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama, na hakuna aliyekosa. Ukirudi nyumbani likizo hii, chukua kijiti, chora D na d mchangani, uwaonyeshe wazee.